Aliyekuwa Kwenye Usukani

Jumatatu, 3 Machi

Soli za viatu vya mume wangu zimeisha upande wa nje. Vyote viwili. Nimevigeuza asubuhi nilipokuwa nafagia sebuleni. Viatu hivi si vya zamani. Mtu mwenye gari hamalizi soli namna hii.

Gari lenyewe lipo. Limesimama chini pale uani, limefunikwa turubai tangu mwaka jana. Anasema gia. Nimemuuliza fundi gani ameliangalia.

"Fundi yupo."

Yupo wapi?

"Mama watoto, fundi yupo. Ana kazi nyingi tu."

Yeye mwenyewe ni fundi wa majokofu, mafundi wote wa mtaa huu anakunywa nao chai. Gari lingekuwa na ugonjwa wa gia lingeshapona au lingeshazikwa. Nikanyamaza. Kunyamaza si kuamini.

Halafu kuna hili la pili. Vibali vyetu vya kuishi nchi hii vinakwisha mwisho wa Aprili. Miaka yote yeye ndiye anayetukimbiza: pigeni picha, leteni barua za kazini, binti yuko wapi aje atie sahihi. Kibali chake ndicho shina. Changu na cha binti vimeota juu yake. Mwaka huu nikigusia, ananiambia bado mapema. Mapema! Mwaka jana wakati kama huu tulikuwa tumeshapeleka, tunasubiri kuitwa.

Naandika nisije nikasahau nini kilianza lini. Sijaamua lolote.

Jumatano, 5 Machi

Kazini. Mashuka ya wodi ya upasuaji yamekuja mengi, tumefua mpaka saa nane bila kukaa. Bi Pasi, mwenzangu wa mashine ya kunyooshea (jina lake halisi halitumiki tena hata na msimamizi), aliniona nina mawazo, akanibana. Nikamwambia habari za viatu. Si zote.

Akacheka mpaka akaegemea kigari cha nguo. "Dada, gari lina namba. Miguu haina namba. Mwanamume akianza kupenda kutembea, ujue kuna anakotembelea."

Nikamwambia mume wangu si wa hivyo.

"Wote si wa hivyo mpaka wawe wa hivyo. Jumamosi huwa yuko wapi?"

Nikageukia mashine yangu. Jumamosi ana kibarua kiwanda cha barafu. Kimeanza Januari. Nimesema kibarua, lakini sijawahi kumwona mtu yeyote wa kiwanda hicho, wala hajaniletea hata hadithi moja ya huko. Na ni mtu wa hadithi.

Bi Pasi ana mdomo, lakini swali lake lilikuwa zuri.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji alipita jioni. Mdogo wake mume wangu, dereva wa basi la shule. Alioa raia wa hapa, na yeye mwenyewe ana uraia sasa mwaka wa sita. Zamani akija alikuwa anafungua sufuria kabla ya kusalimia. Leo amekuja na mfuko wa matunda na sabuni ya kufulia, kana kwamba mimi mgonjwa au nimejifungua. "Shemeji, shemeji yangu mmoja tu duniani." Ananichekea sana. Kaka yake hamtazami usoni.

Binti akamuuliza, baba mdogo, mbona siku hizi huazimi gari letu? Akakohoa. Akasema gari bovu litaazimwaje. Mume wangu akainuka kwenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Hawa wawili wana jambo. Kama ni mwanamke, mdogo mtu anajua.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemfuata. Sioni haya kuandika.

Alitoka saa moja na nusu, nikampa nafasi, nikajifunga kitambaa cha Bi Pasi ambacho mume wangu hakijui. Alifika kiwanda cha barafu. Akakipita. Hakugeuza hata shingo. Moyo wangu ukasema: haya, mama, umeyataka.

Akaingia bustani ya manispaa, ile yenye bwawa lisilo na maji. Nikasimama nyuma ya kibanda cha magazeti kusubiri huyo mwanamke. Nilikuwa nimeshamchora kichwani: mfupi, mweupe wa meno, kijana. Badala yake akaja mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni, akagawa fulana za njano. Mume wangu akavaa moja. Akapewa reki. Walikuwa watu sita au saba, wakaanza kukusanya majani makavu, yule mnene akitembea nyuma yao na karatasi yake.

Nikafikiri ni kibarua kingine, amekosa barafu akapata majani. Karibu nicheke. Kwenye benchi kulikuwa na bibi mmoja na mbwa wake. Nikamuuliza hawa wanaajiriwa na nani, nina ndugu anatafuta kazi. Akaniangalia kwa huruma. Akasema hawa hawaajiriwi, wanaletwa na mahakama, kifungo cha nje, kila Jumamosi wako hapa, na wengine wana adabu kweli.

Nikamshukuru kama mtu aliyeelekezwa njia ya posta.

Alirudi saa tisa. Nikamwekea chakula. Nikamuuliza kazi ilikuwaje. "Barafu nyingi leo." Kwenye pindo la suruali yake kulikuwa na majani.

Jumapili, 9 Machi

Nilingoja binti aende kwa rafiki yake kujisomea. Nikamletea mume wangu suruali ile, nikaiweka mezani.

"Barafu ya siku hizi inaota nyasi."

Aliyachomoa majani pindoni, moja moja. Halafu akasema yote, au nilidhani ni yote. Novemba alimgonga mwendesha baiskeli kwenye makutano ya kituo cha mafuta. Hakusimama. Mzee alivunjika mfupa wa bega. Mtu alikariri namba, polisi wakamfuata karakana. Akakiri. Wakili aliyepewa na mahakama alimwambia akiri tu, atalala kwake siku hiyohiyo, na kweli alilala kwake. Leseni imechukuliwa miaka miwili. Na hizo Jumamosi. Aliona aibu kuniambia.

Nilimwuliza, wewe, unayesimamisha gari paka akivuka, ulimwacha mzee chini?

"Shetani alinipitia."

Nimekuwa na huyu mtu miaka kumi na minane. Anapodanganya hutumia maneno ya watu wengine. Shetani si neno lake.

Nikamuuliza ilikuwa siku gani. Akasema hakumbuki. Nikamwuliza mahakamani walisoma kwamba ajali ilitokea siku gani. Akasema Jumanne, ile ya katikati ya Novemba, jioni.

Jumatatu, 10 Machi

Jumanne ya katikati ya Novemba ni siku niliyoungua mkono.

Nimeisimamisha mashine mara mbili leo, msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa najihakikishia. Roli ya mashine ya kunyooshea ilinishika kifundoni mchana ule, wakanipeleka ghorofa ya juu kwa dharura. Mume wangu aliitwa, alikuja na ovaroli lake la kazi, akakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda amepakata mkoba wangu kama mtoto wa watu. Hakutoka pale mpaka waliponiruhusu usiku. Muuguzi alimtania kwa ule mkoba. Tukarudi kwa teksi. Kwa nini teksi? Kwa sababu gari alikuwa nalo shemeji, kahamisha kabati.

Mtu hawezi kupakata mkoba hospitali na kumgonga mzee kituo cha mafuta.

Jioni nikamwambia hivyo hivyo. Alikuwa anafungua nati ya bomba la jikoni. Aliendelea kuifungua mpaka ikatoka, maji yakamwagika, ndipo akaiacha.

"Mkubwa jalala," akasema.

Nikamwambia hiyo ni methali, si jibu.

"Angefukuzwa kazi. Basi la shule, watoto wa watu. Nani angempa basi tena? Nyumbani akivunja kioo nilikuwa nasema ni mimi. Baba ananichapa, jioni tunakula sahani moja, yamekwisha. Nikajua na hili hivyo hivyo. Unachapwa, linakwisha."

Serikali si baba yako, nikamwambia. Serikali haikuchapi ikasahau.

Ndiyo maana hataki kugusa vibali. Anajua, au anahisi. Tulikausha maji sakafuni wote wawili.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda ofisi ya chama cha wafanyakazi kuonana na mwanasheria wao. Mwanamke wa makamo, miwani kaiweka kichwani na bado anaitafuta mezani. Nikamwambia ni habari ya rafiki yangu.

"Haya, huyo rafiki yako," akasema, na akafunga mlango.

Sikupenda niliyoyasikia. Raia akifanya kosa hili anaadhibiwa, anarudi kwake. Mgeni anaadhibiwa, halafu anasubiri adhabu ya pili, ambayo haisemwi mahakamani: siku ya kuhuisha kibali. Kumwacha majeruhi barabarani ni katika makosa wanayoyaangalia kwa jicho kali. Uhamiaji wanaweza kukataa na kumpa muda wa kuondoka, na mke na mtoto wanaoishi kwa kibali chake wanaondoka naye. Nikauliza, asiposema? Akasema hapo ndipo watu wanapojimaliza. Hukumu wanayo tayari, mahakama huwapelekea. Wanauliza wakijua jibu, kupima kama ni mwongo pia.

Nikauliza tena: na kama rafiki yangu alikiri kosa si lake?

Akaishusha miwani machoni. Akasema hilo lina njia, nyembamba lakini njia. Aliyeendesha aape mwenyewe, kesi iombwe ifunguliwe upya, na apatikane mtu wa kuthibitisha mwenzake alikuwa wapi. Mume atajibu kwa kuwadanganya polisi, hilo halikwepeki, lakini uzito wake ni mwingine kabisa. Nikagundua baadaye kwamba alisema mume. Mimi nilisema rafiki.

Na aliyeendesha, kama ni raia?

"Atapoteza leseni. Pengine na kazi. Nchi hawezi kuipoteza."

Ijumaa, 14 Machi

Nimemfuata shemeji kituo cha mabasi. Alikuwa anaosha basi, suruali kaikunja magotini, redio imewashwa. Akafurahi kuniona, kisha akaona uso wangu, akazima redio.

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameshika brashi. Na swali lake la kwanza lilikuwa: "Umemwambia nani mwingine?"

Si "kaka yuko hali gani". Nimeliandika kama lilivyo.

Akasema hakujua habari za vibali. Akasema, "Shemeji, kaka mwenyewe alisema nimwachie yeye."

"Alikuambia umwachie, au ulimwachia?"

Akafuta uso kwa mkono wenye povu. Akasema ana mkopo wa nyumba, ana mke, mke hajui. Nikamwambia mimi pia nina nyumba, na binti mwenye mtihani wa mwisho Juni, na mimi pia sikujua. Basi dogo likaingia, dereva mwenzake akampigia kelele, anko, leo umeletewa chakula au umeletewa kesi? Akacheka. Alicheka vizuri sana. Hapo nikaogopa kidogo. Mtu anayeweza kucheka vile wakati ule.

Ameahidi atazungumza na mkewe, halafu atakwenda kwa mwanasheria. Ameahidi pia siku ya kuitwa kwetu uhamiaji atakuja mwenyewe. Aliapa kwa kaburi la mama yao.

Jumapili, 16 Machi

Mume wangu amejua nilikokwenda. "Umekwenda kumvua nguo mdogo wangu hadharani." Nikamwambia alikuwa anaosha basi, hakukuwa na hadhara. Akasema bora arudi nyumbani kuliko kumtia mdogo wake ndani.

Utarudi na nani?

Binti alikuwa amesimama mlangoni na kitabu chake. Akauliza kama tunahama. Nikasema hapana. Baba yake akasema, "Hatujui." Tumesema kwa pamoja.

Alhamisi, 20 Machi

Simu ya shemeji haipatikani. Nimempigia mkewe, kapokea kwa sauti baridi, akasema mumewe amesafiri na wanafunzi, ziara ya masomo.

Shule zimefungwa tangu Jumatatu. Binti yuko hapa mezani, anakula mkate.

Mwanasheria anasema hajafika mtu yeyote kwake. Maombi ya vibali ameshatupelekea, na uhamiaji wametuita Alhamisi ijayo.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimefunua turubai. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nilitaka kuliona tu, hilo gari lililotugeuza wezi ndani ya nyumba yetu.

Taa ya mbele ya kushoto ina ukungu wa njano, kioo kimechoka kama gari lenyewe. Ya kulia nyeupe kabisa, mpya. Rangi ya hapo pembeni imeguswa, kazi nzuri, ukipita hivi hivi huioni. Lakini mimi kazi yangu ni kuangalia nguo nyeupe na kujua ipi ilikuwa na doa.

Shemeji alilirudisha gari baada ya siku mbili. Nakumbuka, kwa sababu mume wangu alikwenda kazini kwa basi siku hizo na alilalamika. Akalileta limeoshwa, kaweka na mafuta. Tulimsifu.

Nimemngoja mume wangu hapo hapo uani. Nikamuuliza: mdogo wako alikuambia lini kwamba amegonga mtu?

"Baada ya polisi kuja."

Na kabla yao?

Akatikisa kichwa.

"Polisi walipokuja karakana wakataja siku na mahali, nikajua ni yeye. Nikasema mimi. Jioni nikampigia. Akalia."

Nikamshika mkono nikampeleka mbele ya gari. Yeye ni fundi, anajua kitu kipya kilichowekwa juu ya cha zamani. Akapiga magoti, akaipapasa taa ile pembeni, akaingiza kidole kwenye ufa wa rangi. Alikaa chini pale muda mrefu, kwenye saruji, na nguo zake za kazi.

"Alilitengeneza kwanza," akasema. "Halafu akaniletea funguo. Akanywa chai yangu."

Jirani wa juu akamwuliza dirishani, fundi, gari limeamka? Akajibu, bado, bado linaumwa. Akainuka, akalifunika vizuri, akazikaza kamba zote.

Baada ya kula akaniambia nimwambie mwanasheria aandike habari za hospitali. Muuguzi, mkoba, vyote. Hakulitaja jina la mdogo wake. Akasema, "Semeni nilikokuwa mimi. Alikokuwa yeye aseme mwenyewe."

Jumatano, 26 Machi

Mwanasheria amempata yule muuguzi. Anakumbuka mkoba. Mwanasheria anasema hiyo inasaidia, lakini bila aliyeendesha, yetu ni hadithi ya mke kumtetea mumewe, na ofisa amesikia nyingi.

Shemeji ametuma ujumbe, kwangu, si kwa kaka yake: Nitakuja. Neno hilo tu. Nimelisoma mara nyingi kutafuta nini kiko nyuma yake. Atakuja kusema, au atakuja kusikiliza tumesema nini?

Nimepiga pasi shati jeupe. Mume wangu amevipaka rangi viatu vile vile.

Alhamisi, 27 Machi

Uhamiaji, ghorofa ya tatu. Naandikia gotini. Viti vya plastiki vimefungwa kwa nondo moja, mtu akitikisa mguu mwisho wa safu wote tunatikisika.

Mume wangu ameingia na mwanasheria. Kabla ya kuingia alinipa saa yake nimshikie, sijui kwa nini. Mwanasheria amesema wataanza na kibali, kisha ataomba shauri lisimame mpaka mahakama isikie upya. Kama ofisa atakataa kusimamisha, jibu ni leo.

Shemeji hajafika.

Baadaye. Amefika. Amevaa sare ya kazi, amekuja peke yake, mke hayupo. Hakuja kukaa karibu yangu. Amekaa mwisho kabisa wa safu, karibu na chombo cha maji ambacho hakina maji. Amenisalimia kwa kichwa. Na mimi kwa kichwa. Mguu wake unatikisika, kwa hiyo na wangu.

Nimemwuliza kwa sauti ya chini kama mkewe anajua. Amesema anajua. Nimemwuliza amesemaje. Amesema, "Amesema niende nikafikirie, shemeji." Ukafikirie wapi? Ametazama mlango.

Amepokea simu. Amesema, "Ndiyo. Nipo hapa. Hapana, bado." Ameikata. Sijui ni nani alikuwa anauliza, wala bado nini.

Ndani sauti ya ofisa inasikika, maneno hayasikiki. Ya mume wangu haisikiki kabisa.

Karani amefungua mlango. Ameuliza kama kuna mtu yeyote wa upande wa mwombaji mwenye jambo la kueleza kabla ofisa hajaandika. Anatuangalia safu nzima. Mwanasheria yuko nyuma yake, ananiangalia mimi, kisha anamwangalia shemeji.

Shemeji amesimama. Ameshika kofia yake. Mlango wa ofisa na ngazi za kushukia viko upande mmoja, na kutoka pale alipo hatua za kwanza ni zile zile kwa vyote viwili. Ameanza kutembea.